Flashi Haijifungui Yenyewe: Mhadhara kwa Wenye Steshenari na Vijana wa Kompyuta, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu shikamooni, dada zangu, kaka zangu, vijana, habari za mchana. Najua wengine mmeacha steshenari zenu hapa Mwanga, wengine mmetoka Ujiji na Gungu, na leo siku ya kazi, kwa hiyo sizunguki, naingia moja kwa moja kwenye lile swali ambalo kila mwenye kompyuta ya biashara ameshaulizwa na mteja: mbona nikichomeka flashi programu haijiwashi yenyewe kama zamani? Hapo fundi anaanza kuhangaika, mara apige Windows upya, mara amwambie mteja flashi yako imekufa nunua nyingine, na hela ya mtu inatoka bure maana mara nyingi hakuna kilichoharibika hata kidogo.

Tuelewane kwanza, hapa kuna vitu viwili na watu wanavichanganya sana. Kuna AutoRun na kuna AutoPlay. AutoRun ilikuja na Windows 95, kazi yake ni kwamba ukiweka diski kompyuta inatafuta faili moja inaitwa autorun.inf, iliyokaa nje kabisa kwenye diski, sio ndani ya folda, inaisoma na kuwasha programu iliyotajwa humo. AutoPlay ni kile kiboksi kinachotokea kinakuuliza unataka kufanya nini, nifungue folda, nipige muziki, nilete picha. Huyu anauliza, yule wa kwanza haulizi, na kwenye kuuliza na kutouliza ndipo shida yote ilipoanzia.

Fungueni hiyo autorun.inf kwa Notepad mjionee wenyewe. Ni maandishi tu, mstari wa juu una neno autorun ndani ya mabano ya mraba, chini yake kuna open= halafu jina la programu, labda na icon= ya kuonyesha picha gani. Basi, ni mistari mitatu ambayo mtoto wa sekondari anaiandika kwa dakika moja. Sasa mtu mbaya naye akaiona hiyo njia, akaandika mistari yake mitatu, kwenye open= akaweka jina la kirusi chake. Ni kama mgeni anayefika kwako hajapiga hodi, hajakaribishwa, anapitiliza jikoni anafunua sufuria.

Mwishoni mwa 2008 kilitokea kirusi kinaitwa Conficker, kilipita kwenye mtandao na kilipita kwenye flashi pia, na ujanja wake nataka muujue kwa sababu mpaka leo unafundisha. Kilikuwa kinaleta kile kiboksi cha AutoPlay kikiwa na picha ya folda ya kawaida kabisa na maneno yanayosema fungua folda uone mafaili, ila ukiangalia vizuri ile sehemu iliyokaa juu ya hayo maneno imeandikwa sakinisha au endesha programu. Nani anasoma hiyo sehemu? Mtu ana haraka, mteja amesimama mbele yake, anabonyeza, kimeshaingia.

Ndio maana Microsoft wakafunga mlango. Windows 7 ilipotoka 2009 tayari ilikuwa haikubali tena AutoRun kuwasha programu kutoka kwenye flashi, na Februari 2011 wakasambaza marekebisho hayo hayo kwa XP na Vista. CD na DVD waliziacha ziendelee. Kwa hiyo mteja akikwambia flashi yangu zamani ilikuwa inawasha programu na sasa haiwashi, mjibu bila wasiwasi kwamba imezuiwa makusudi, afungue flashi mwenyewe, abonyeze mara mbili ile setup, programu itawaka. Na ukiona kijana anatafuta namna ya kulazimisha irudi kama zamani mkatalie, mimi kwenye hili sina msamaha, hasa huku kwetu ambako flashi moja inaprintiwa Mwanga asubuhi, jioni iko Kasulu, kesho imepanda boti kwenda vijiji vya ziwani ambako mtandao ni wa kubahatisha na antivairasi mara ya mwisho kuapdetiwa hakuna anayekumbuka.

Dada pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza, mbona modemu yake ikichomekwa programu inajileta na modemu nayo inaingia kwenye USB? Swali zuri sana. Modemu nyingi zinajitambulisha kwa kompyuta kama CD, humo ndani kuna sehemu ndogo inayojifanya ni diski, na CD bado inaruhusiwa. Isipojileta fungua This PC utaiona pale na alama ya CD, ifungue uwashe mwenyewe.

Haya, sasa tatizo la kweli ni pale ambapo hata kile kiboksi cha kuuliza hakiji. Anza na kuangalia kama diski yenyewe inaonekana, maana watu wanaruka hapa wanakimbilia kwenye setingi. Kama taa inawaka ila haionekani, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika diskmgmt.msc, ukiikuta ipo lakini haina herufi ya diski, kama D au E, ipe herufi, kazi imeisha. Kama inaonekana vizuri basi nenda Settings, kwenye Windows 10 ingia Devices halafu AutoPlay, kwenye 11 ni Bluetooth & devices, hakikisha imewashwa, na chini yake kwenye Removable drive angalia isije ikawa mtu alichagua Take no action. Ikishindikana fungua services.msc utafute Shell Hardware Detection, hii ndiyo inayoitaarifu Windows kwamba kuna kitu kimechomekwa, ikiwa imezimwa hakuna kiboksi hata uchomeke flashi kumi. Iweke Automatic, iwashe.

Hapa kwenye rejista, yaani pale Windows inapohifadhi setingi zake za ndani, niwakalishe kidogo kwa sababu laptopu nyingi tunazonunua ni mtumba zilizotoka maofisini, na ofisi nyingi zinafunga hii kitu kwa sera. Fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Policies, Explorer, tafuta NoDriveTypeAutoRun. Ukikuta thamani yake ni ff, yaani 255, imefungwa kwa diski za aina zote. Kuna nyingine ya jina hilo hilo kwenye HKEY_CURRENT_USER, na watu wanahangaika kuibadilisha hiyo wakati ile ya LOCAL_MACHINE ikiwepo ndiyo inayosikilizwa. Ila hifadhi kopi ya rejista kabla hujagusa, na kama ni kompyuta ya steshenari inayopokea flashi za kila mtu, ukikuta ff iache hivyo hivyo, aliyeiweka alijua anachofanya.

Kitu cha mwisho, hizi flashi ambazo mteja anafungua anakuta folda zake zote zimegeuka shotikati, yaani alama za njia ya mkato tu, sio folda zenyewe. Hiyo sio AutoRun tena. Baada ya mlango kufungwa wenye virusi wakahamia huku, wanaficha folda zako halisi halafu wanaweka shotikati zenye majina yale yale ili ubonyeze kwa mkono wako. Usibonyeze hata moja, na tafadhali usiifomati flashi ya mtu, kazi zake zimo, zimefichwa tu. Skani kwa antivairasi kwanza, halafu fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama flashi ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ubonyeze Enter, subiri, folda zitarudi kuonekana, ndipo ufute zile shotikati. Nimeona binti amekaa analia kaunta ripoti yake ya fildi imepotea, na ilikuwa humo humo kwenye flashi muda wote.

Sasa mwenye flashi ya namna hiyo ailete hapa mbele tuifanye pamoja, na mwenye laptopu ya mtumba aiwashe tuangalie hiyo rejista.