Garang angeishi: swali tunaloliuliza vibaya

Ndugu zangu, naomba leo tusikwame kwenye helikopta. Kila nikizungumza juu ya Sudan Kusini, mtu anainuka kuuliza nani aliiangusha, na saa nzima inaishia huko milimani. Ilianguka tarehe 30 Julai 2005 ikimtoa Uganda John Garang, kiongozi wa SPLM, vuguvugu la Kusini lililopigana na serikali ya Khartoum kwa jeshi lake la SPLA, wiki tatu tu baada ya kuapishwa mjini Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Hayo mnayajua. Mimi nauliza: angeishi, ujenzi wa nchi baada ya vita ungekwendaje?

Jibu linalopendwa ni kwamba Garang angekuwa hai, Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, isingewaka moto Desemba 2013, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Nimelisikia Nairobi, nimelisikia Kampala, na kila mara nalikataa.

Turudi Rumbek, mji wa Kusini, mwisho wa Novemba 2004. Zimebaki wiki chache mkataba wa amani kati ya Khartoum na SPLM utiwe saini Nairobi. Uvumi umeenea kwamba Garang anataka kumng'oa naibu wake, Salva Kiir. Kiir yuko Yei na askari wake, hataki kwenda kwenye kikao. Wazee na makamanda wanambembeleza, mwishowe anakwenda. Yaliyosemwa mle yaliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, tena zimesomwa na wengi. Kiir anamweleza mwenyekiti wake mbele ya watu wote: ukisafiri huachi maagizo, huachi mtu wa kukaimu, sisi hatujui vuguvugu umemwachia nani, au unalibeba kwenye mkoba wako?

Kwenye mkoba! Vuguvugu lenye miaka 21 wakati huo, vita vinavyokadiriwa kuua watu milioni mbili, na namba mbili wake anauliza kama liko kwenye mkoba wa mtu mmoja. Wala msidhani ni kinyongo cha Kiir peke yake. Makamanda walisimama mmoja baada ya mwingine wakalalamika yale yale: vikao vya uongozi haviitishwi, maamuzi yanatoka kwa mtu mmoja, na wengine wameanza kutajirika. Garang alisikiliza, akajibu, wakapatana. Miezi minane baadaye mwenye mkoba akafa.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba Garang angejenga taasisi, anieleze angeanza lini, maana amani ilikuwa tayari mlangoni na alikuwa hajaanza. Simdharau. Alikuwa daktari wa uchumi wa kilimo, mtu aliyezungumzia kupeleka miji vijijini badala ya kuwakusanya wanavijiji mijini, na hadi leo sijaona mpango bora kwa nchi ile. Lakini mpango uliokaa kichwani mwa mtu huzikwa naye, na huu ulizikwa Juba Agosti 2005.

Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa Garang hawapendi kulisikia. Vita vile havikuwa vya Kaskazini na Kusini peke yake. Tangu mgawanyiko wa Nasir mwaka 1991, makamanda walipomwasi Garang, watu wa Kusini waliuana wenyewe kwa wenyewe, na mauaji ya Bor hayajasahaulika. Mkataba ulipotiwa saini, wanamgambo wa Kusini waitwao SSDF, walioungwa mkono na Khartoum, chini ya Paulino Matip, wenye silaha na waliokaa karibu na visima vya mafuta, walikuwa nje yake. Garang alikutana nao Nairobi mwaka 2005, hawakuafikiana. Kiir ndiye aliyewaingiza jeshini kwa Azimio la Juba, tarehe 8 Januari 2006, hata nusu mwaka haujapita tangu ashike uongozi. Bila hatua ile Kusini ingepigana kabla ya kupiga kura ya kujitenga. Kwa hili, kifo cha Garang kilifungua mlango ambao yeye mwenyewe aliusitasitia. Lazima tuwe na ujasiri wa kulisema.

Najua mtaniambia: lakini Kiir alinunua amani kwa mishahara! Kweli. Kila kamanda alikuja na watu wake na vyeo vyake, jeshi likafura, fedha za mafuta zikaishia humo badala ya barabara na shule. Mwaka 2012 Kiir mwenyewe aliwaandikia viongozi barua akiwataka warudishe dola bilioni 4 zilizopotea. Nakubali yote. Garang angewaleta wale kwa bei gani, au angewapiga vita? Hapo watu hunyamaza.

Basi kifo chake kilibadili nini? Kwangu, kiliwaumiza zaidi watu ambao hawamo kabisa kwenye mjadala wetu: Wanuba wa Kordofan Kusini, na watu wa jimbo la Blue Nile. Walipigana ndani ya SPLA, lakini mpaka uliwaacha Kaskazini. Hawakupewa kura ya kujitenga, waliahidiwa mashauriano tu. Tumaini lao lote lilikuwa Garang, kwa kuwa yeye alitaka Sudan mpya, Kaskazini na Kusini nchi moja, na kule Khartoum umati ulijaa kumpokea, watu wa Kaskazini wakiwemo. Alipoondoka, macho ya Juba yakageukia kura ya maoni. Asilimia 98 walichagua kujitenga mwaka 2011, na sidhani Garang angewageuza. Ila angekuwa na ofisi Khartoum na sababu ya kuwapigania Wanuba kabla ya kura hiyo. Juni 2011, kabla hata bendera haijapandishwa Juba, mabomu yalikuwa yakianguka Kordofan Kusini. Septemba ikawa Blue Nile.

Darfur ningesema kitu, na mafuta pia, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Abyei tu, eneo la mpakani linalogombaniwa: mkataba uliwaahidi kura yao ya kuchagua Kaskazini au Kusini siku moja na ile ya Kusini, Januari 2011, na siku ilipofika haikupigwa. Mwenye swali aanzie hapo.