Jinsi ya Kubishana kwa Takwimu: Kwotabeki Akiangushwa, Alaumiwe Nani?

Haya wadau, karibuni. Video ya leo ni ya wale wanaokesha. Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, inaanza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na kabla ya adhana ya alfajiri kundi la WhatsApp linakuwa limeshawaka moto. Kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, kaangushwa mara sita. Mmoja anasema laini ya mbele, wale wanaosimama kumkinga, imeoza, mwingine anasema jamaa mwenyewe anakaa na mpira kama anasubiri daladala. Kila mtu ana skrinshoti yake ya takwimu, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Shika kalamu na karatasi, au fungua kikokotoo kwenye simu. Twende.

Hatua ya kwanza: kabla hujabisha, kubalianeni mnahesabu nini. Saki ni pale kwotabeki anapoangushwa nyuma ya mstari ambapo mchezo ulianzia, mpira ukiwa bado mkononi mwake. Hiyo ina hesabu rasmi ya ligi, na tangu 1982 NFL inamwandikia kila mchezaji saki zake. Presha ni pana zaidi. Ndani yake kuna saki, kuna kugongwa wakati wa kurusha, na kuna kuharakishwa, yaani kufukuzwa mahali aliposimama au kulazimishwa kurusha kabla hajawa tayari.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Tazama hapa. Hii ni Super Bowl ya Februari 13, 2022, Rams wako mbele 23 kwa 20 dhidi ya Bengals, imebaki chini ya dakika moja. Ni jaribio la nne, yaani la mwisho, Bengals wanahitaji yadi moja tu ili waendelee na mpira. Muangalie namba 99 wa Rams, Aaron Donald. Anapenya, anamkamata Joe Burrow, kwotabeki wa Bengals, anaanza kumzungusha. Burrow anautupa mpira huku mwili unaelekea chini, mpira unadondoka, fainali imekwisha. Sasa fungua karatasi ya matokeo: Burrow saki 7. Hii uliyoiona haimo. Imeandikwa pasi isiyokamilika, basi. Kwa hiyo mtu akikwambia saki pekee zinatosha kupima ulinzi, mrushie kipande hiki.

Hatua ya pili: gawanya. Idadi tupu inadanganya. Chukua pasi zilizorushwa, jumlisha saki, kisha gawanya saki kwa jumla hiyo. Nifuate kwenye skrini.

Russell Wilson, msimu wa 2018 akiwa Seattle: saki 51. Joe Burrow, msimu wa 2021: saki 51. Wamelingana? Wilson alirusha pasi 427, ukijumlisha 51 unapata 478, na jibu ni asilimia 10.7. Burrow alirusha 520, jumla 571, jibu asilimia 8.9. Namba ileile, habari mbili tofauti. Halafu muweke Peyton Manning wa 2009: pasi 571, saki 10. Hiyo ni asilimia 1.7. Na chini kabisa muweke David Carr wa Houston mwaka 2002, timu mpya kabisa kwenye ligi: saki 76 kwa pasi 444, yaani asilimia 14.6. Maskini.

Ukiwa na asilimia hizo mkononi, mwenye hoja ya "kaangushwa mara nyingi" lazima akujibu: nyingi kati ya ngapi?

Hatua ya tatu, na hapa ndipo wengi wanapokwama: saa. Fungua stopwochi. Ianzishe pale senta, mtu wa katikati ya laini, anapoupitisha mpira katikati ya miguu yake, isimamishe mpira unapotoka mkononi mwa kwotabeki au anapoanguka. Fanya hivyo kwa kila saki ya mechi, usichague.

ESPN wana kipimo chao cha laini ya mbele, kinachotokana na chipu zilizo kwenye mabega ya wachezaji, na mstari wao ni sekunde 2.5. Mlinzi akimzuia mtu wake kwa muda huo, kahesabiwa ushindi. Kwa hiyo inawezekana kabisa laini ikashinda kwenye takwimu na kwotabeki akalala chini kwenye nyasi, kwa sababu alikaa sekunde nne akitafuta wa kumrushia. Nani kakosea hapo? Mimi kwa kawaida namwangalia kwotabeki kwanza. Ila rudisha video nyuma uwaangalie wapokeaji: kama wote wamebanwa, mlaumu aliyepanga mchezo, usimwonee kijana.

Na saki ya chini ya sekunde 2.5 nayo usiitupe moja kwa moja kwenye laini. Mara nyingine aliyeachia ni mkimbiaji wa nyuma aliyepaswa kumpokea adui, au kwotabeki mwenyewe hakupanga ulinzi sawasawa kabla mpira haujaanza. Manning alisifika kwa kazi hiyo: anaelekeza kidole, anapiga kelele, anabadilisha mchezo, na mpira ukishafika mkononi hauchelewi kuondoka. Ile asilimia 1.7 ni ya laini yake, lakini ni yake pia.

Hatua ya nne: hesabu wapinzani wanaokuja kumwangusha kwotabeki. Laini ya mbele ina watu watano. Wakija wanne na bado kwotabeki hana pa kupumulia, hilo ni tatizo zito kuliko wakija sita, maana wakija sita kuna mtu ameachwa wazi huko nyuma na pasi ya haraka inaweza kuwaadhibu.

Tumpeleke Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, mahakamani, Super Bowl mbili. Ya kwanza, Februari 7, 2021, Tampa Bay 31, Kansas City 9. Walinzi wote wawili wa pembeni waliokuwa wa kwanza, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, hawakucheza kwa majeraha. Mahomes akapata presha mara 29 katika mara 56 alizorudi nyuma kurusha. Zaidi ya nusu! Saki je? Tatu tu. Gawanya 3 kwa 29, ni kama asilimia 10. Usiku ule alikimbia huku na huko akirusha hata akiwa hewani, mwili umelala.

Ya pili, Februari 9, 2025, Philadelphia 40, Kansas City 22. Presha 16 katika mara 42, asilimia 38. Saki sita. Gawanya 6 kwa 16, karibu asilimia 38 tena. Na Eagles, hao Philadelphia, hawakupiga blitzi, yaani kuongeza watu wa kumkimbilia kwotabeki, hata mara moja: wanne mbele, saba nyuma, usiku mzima. Josh Sweat wao peke yake alipata saki mbili na nusu.

Basi ulinzi ulikuwa mbovu zaidi mechi ipi? Ukienda na saki, utasema 2025. Ukienda na presha, utasema 2021. Rafiki zangu wengi wanasema 2025 kwa sababu ndiyo wanayoikumbuka. Mimi nasema laini ya 2021 ilikuwa mbovu zaidi, na miguu ya Mahomes ndiyo iliyouficha ubovu ule. Mwaka 2025 watu saba wa nyuma waliziba njia zote, hata pale alipopata nafasi hakuwa na pa kuupeleka mpira, na hapo saki zinakuja zenyewe.

Umeona nilichofanya hapo? Kama wewe ni mbishi mzuri ungeshanikatiza. Hatua ya tano: uliza nani kahesabu. Ile 29 ni hesabu ya ESPN. Ile 16 ni ya Next Gen Stats, mfumo wa ligi unaotumia chipu. Wengine, kama kampuni ya takwimu ya PFF, wanakaa mbele ya video na binadamu ndiye anayeamua kama ile ilikuwa presha au la. Mechi moja, wahesabuji watatu, majibu matatu. Kwa hiyo mkianza mjadala, chagueni chanzo kimoja mmalize nacho. Mwenzako akianza na PFF halafu katikati akahamia kwingine kwa sababu namba za huko zinampendelea, mkamate palepale. Saki zangu sita na tatu ni rasmi, hizo zinasimama. Ulinganisho wa presha uchukue kwa tahadhari, ingawa 29 kwa 16 ni pengo kubwa, sidhani wahesabuji peke yao wanaweza kulileta.

Mkishamaliza namba, rudini kwenye video. Hebu jaribuni na hii: Januari 6, 2002, Giants na Packers wa Green Bay. Michael Strahan wa Giants anahitaji saki moja kufikia 22.5 kwa msimu na kuipita rekodi ya Mark Gastineau ya 22, iliyodumu tangu 1984. Brett Favre, kwotabeki wa Packers, anachukua mpira, anakimbilia kulia, Strahan anakuja mbele yake bila kizuizi, Favre anajilaza chini, Strahan anamwangukia. Saki, rekodi, kumbatio. Simamisha hapohapo Favre anapoinama. Weka stopwochi, hesabu waliokuja, tafuta mlinzi aliyepitwa, halafu mwambie mwenzako akuonyeshe namba itakayoandikwa kwa jina la laini ya Green Bay.