Nimeingia Ohio Theatre ya Columbus, nikaikumbuka Royal ya Vuga

Assalaam alaykum ndugu zangu wa nyumbani, na nyinyi mlio popote duniani. Leo sipo jikoni, wala sipo ndani ya gari. Nipo Columbus, Marekani, mjini kati kabisa, barabara ya State Street, na upepo mnausikia wenyewe. Lile jengo lenye nguzo kubwa kubwa kulia kwangu ni bunge la jimbo la Ohio. Sasa ngojeni niigeuze kamera huku. Ng'ambo ya barabara, hapo penye taa za manjano, mnapaona? Hiyo ndiyo Ohio Theatre. Nimetoka humo ndani sasa hivi, na nimetaka niwahadithie kabla hata sijafika nyumbani, maana nikilala tu nusu yake itanitoka.

Miaka sita nimekaa mji huu. Miaka sita napita hapa na basi, nayaona magari yanashusha watu waliovaa suti na magauni, nasema moyoni, hapo si pangu. Wiki mbili zilizopita nikaingia kwenye tovuti yao, nikatazama bei. Tiketi ya chini kabisa, ya juu roshani, sikulipa zaidi ya ninavyolipa tukitoka kula mimi na wanangu. Nikakata moja. Ya orkestra ya mji, Columbus Symphony, maana hapa ndipo maskani yao.

Dereva aliyenileta ni Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Columbus ina Wasomali wengi mno, baada ya Minneapolis nadhani ndiyo inayofuata, na wengi wao wamepitia Kenya, kwa hiyo Kiswahili huku hakikosi pa kukaa. Akaniuliza, "Dada, unaenda bungeni usiku?" Nikamwambia naenda kusikiliza muziki. Akasema yeye amewashusha watu hapo mara nyingi lakini ndani hajawahi kuingia. Nikamwambia tuko sawa, mimi pia ndiyo mara yangu ya kwanza.

Basi. Ukiingia mlangoni huoni kitu cha kukushtua. Unakaguliwa tiketi, unapita. Halafu unafungua mlango wa ukumbi wenyewe, na hapo, wallahi, nilisimama. Watu nyuma yangu wakanisubiri. Ni nyekundu na dhahabu kutoka chini mpaka juu. Hakuna hata kipande cha ukuta kilichoachwa kitupu: maua, majani, sura za watu, mapambo juu ya mapambo, ule mtindo wa Kihispania wa zamani. Katikati ya dari imening'inia thurea, ile taa kubwa ya vioo, yenye uzito wa tani 2 na nusu. Tani mbili na nusu, inaning'inia juu ya vichwa vya watu! Viti ni karibu 2,800. Mimi nilikuwa karibu na dari, na kutoka kule jukwaa linaonekana kama sinia imewekwa chini, lakini sauti inafika kama mpigaji yuko kiti cha mbele yako.

Nikamuuliza mama mmoja mzee anayeonesha watu viti, mhudumu wa kujitolea, nani alijenga mahali hapa, na kwa nini hivi. Alifurahi kuulizwa. Akaniambia kidogo, na mengine nimeyasoma mwenyewe tangu nilipokata tiketi, kwa hiyo nawapa yote pamoja.

Ukumbi huu ulifunguliwa tarehe 17 Machi 1928, na ulijengwa kuwa sinema. Aliyeuchora ni Thomas Lamb, mzaliwa wa Scotland, mmoja wa wachoraji wakubwa wa majumba ya sinema Marekani. Zama hizo sinema za mijini zilijengwa hivi kwa makusudi: mtu wa kiwandani, au msichana wa dukani, alipe senti zake, na kwa saa mbili akae ndani ya kasri. Si kasri la kuchungulia kwenye geti. La kukaa, na kiti chako mwenyewe. Mimi niliyekuwa nikipita na basi nikidhani ni mahali pa wakubwa, nilikuwa nimeielewa kinyume kabisa. Palijengwa kwa ajili ya abiria wa basi.

Filamu wakati ule zilikuwa bila sauti, kwa hiyo muziki ulipigwa palepale ukumbini. Wana kinanda cha mabomba, cha kampuni ya Robert Morton, na kingali kizima. Mabomba yenyewe huyaoni, yamefichwa ndani ya kuta pembeni ya jukwaa, safu kwa safu. Mpigaji anakaa kwenye meza yake ya vibao, na meza hiyo inapanda kwa lifti kutoka shimoni mbele ya jukwaa. Kinanda kimoja kinatoa sauti ya filimbi, ya fidla, ya kengele, ya ngoma, ili mtu mmoja aweze kufuata picha nzima peke yake: farasi wakikimbia, mvua, harusi, msiba. Usiku wa leo hakikupigwa. Lakini kila kiangazi hapa huonesha filamu za zamani, na kabla ya filamu mpigaji hupanda na kinanda chake. Nitarudi kwa hilo, inshallah, na nitawaeleza kwa nini.

Sasa muziki. Mimi ni mtoto wa taarabu, mnanijua. Kwa hiyo orkestra ilipokaa, jicho langu lilianza kuhesabu: fidla, fidla, fidla, safu nzima, halafu selo, halafu besi nyuma. Nikajiona niko nyumbani. Nilitafuta kanuni na udi, vyombo vyetu vya nyuzi vya taarabu, kwa mazoea tu, havipo. Wakaanza kulinganisha sauti za vyombo, ile sauti moja ndefu ambayo kila chombo kinaitafuta. Nilifumba macho, na nikawa nimekaa kwenye ngazi za Culture Musical Club, klabu ya taarabu kule Vuga, Unguja, jioni ya mazoezi, nina miaka kumi.

Walipiga Beethoven, kazi ya vipande vinne. Nawaambia msije mkashangaa mkija: kipande kikiisha hakuna anayepiga makofi. Kimya. Watu wanakohoa, wanajisogeza, basi. Makofi mpaka mwisho wa vyote, mwongozaji akishusha mikono na kugeuka. Kwetu mwimbaji akikugusa unainuka palepale, unakwenda mbele kumtunza pesa, na yeye anakuona, anakurudishia beti kwa macho. Hapa hisia zote unazishika tumboni, dakika arobaini. Ilikuwa kazi ngumu kwangu. Kipande cha pili, cha polepole, kilipokwisha, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mkoba. Lakini makofi yalipokuja mwishoni, yalikuja ya watu waliokuwa wameyazuia, na ukumbi ulitetemeka kweli. Nimeuelewa utaratibu wao. Bado naupenda wetu.

Lakini sikuwaita hapa kwa ajili ya Beethoven. Nataka mjue kilichotokea 1969.

Kufika miaka ya 1960 watu wa Columbus walikuwa wamehamia pembezoni, wana televisheni sebuleni, na sinema kubwa za mjini zilikuwa hazijai tena. Februari 1969 Ohio Theatre ilifungwa. Mpango ulikuwa ivunjwe, ijengwe ofisi. Thurea, kinanda, nakshi zote, kifusi. Yule aliyekuwa mpiga kinanda wao miaka ya 1930, Roger Garrett, akarudi kupiga maonesho ya kuaga. Na watu wakaja. Wakaja kwa wingi kuuaga ukumbi ambao wengi wao hawakuwa wamekanyaga kwa miaka. Watu waliowapeleka wachumba wao pale, watu waliopelekwa na mama zao. Na katika kule kuaga, wakaona kwamba hawataki kuaga. Mwaka uleule wakaunda chama chao, CAPA, wakachangishana, wakaununua. Mnamo 1977 serikali ya Marekani ikautambua kuwa jengo la historia ya taifa. Chama kile kilichoundwa kwa ajili ya ukumbi mmoja leo kinaendesha kumbi kadhaa za mji huu.

Nilipofika hapo katika kusoma, nikaweka simu chini. Nyote mnajua nilikumbuka nini.

Sinema yetu ya Vuga, Unguja. Wakubwa wangu wanaijua kwa jina la Majestic. Kabla yake, mahali palepale, palikuwa na Royal, iliyojengwa 1921 na mfanyabiashara wa Unguja, Hassanali Jariwalla, na mchoro wake ni wa John Sinclair, yuleyule aliyechora Beit el Amani pale Mnazi Mmoja. Hesabuni wenyewe: 1921. Unguja ilikuwa na jumba lake la sinema, lenye roshani na vizimba, miaka saba kabla ya hili mnaloliona nyuma yangu. Royal iliungua 1954, na mwaka uliofuata ikasimama Majestic. Mama yangu ameiona Majestic ikiwa hai. Ananihadithia maonesho ya wanawake peke yao, mabuibui yamejaa ukumbi, filamu ya Kihindi, mtu akilia wanalia wote. Ananihadithia Idi, tiketi zimekwisha, watoto wamepanga foleni na nguo mpya. Na mimi nimeikuta nini? Jengo limechakaa, watu wanapita mbele yake kwenda zao. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ghala.

Watu wanasema Wazungu wana pesa ndiyo maana wanahifadhi. Mimi sikubali, na nitawaambia kwa nini. Pesa zilikuwa upande wa ofisi. Aliyetaka kuvunja ndiye aliyekuwa na hesabu nzuri. Walioupinga mpango ule walianza na kumbukumbu tu, na tiketi za maonesho ya kuaga. Pesa zilifuata baadaye. Na sisi kumbukumbu tunazo, tena nyingi, ila zimekaa kwenye vichwa vya mama zetu na haziandikwi, na kila mwaka tunawazika wachache.

Kuna jambo jingine, na sitaki kulipita, maana ningewasifia tu ningekuwa nimewadanganya. Aliyepamba ukumbi huu, mwanamke aitwaye Anne Dornan, alisafiri mpaka Afrika kukusanya vitu vya kupambia sehemu moja waliyoiita Kona ya Afrika. Mwaka huohuo wa 1928, Siti binti Saad wetu alipanda meli kwenda Bombay kuimba kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe. Afrika ya Columbus ilikuwa pambo la ukutani, na Afrika yenyewe ilikuwa Bombay inarekodi. Na Wamarekani weusi wa mji huu? Mwaka uliofuata, 1929, mtaa wa mashariki, barabara ya Long Street, ulifunguliwa ukumbi mwingine, wakati huo ukiitwa Ogden. Historia yake inahadithiwa hivi: Mmarekani mweusi mmoja mashuhuri hapa, Al Jackson, alikataliwa kuingia kwenye ukumbi wa mjini kwa sababu ya rangi yake, na jibu lake likawa wajenge wao. Wakaupamba kwa nakshi za Misri ya kale. Duke Ellington na Count Basie, vigogo wa muziki wa jazz, wamepiga pale. Baadaye barabara kuu ya I-71 ikapasuliwa katikati ya mtaa, mtaa ukadhoofika, ukumbi ukafungwa. Leo unaitwa Lincoln Theatre. Umefufuliwa na kufunguliwa tena 2009. Mimi nimepita mara mbili kuutazama kwa nje, na video yangu ijayo nitawapeleka ndani, maana ule unastahili usiku wake mwenyewe, si dakika mbili mwishoni mwa huu.

Kwa aliye karibu, aliye Ohio au anayekuja: viti vya juu roshani havina tatizo lolote, msiogope. Njoo nusu saa mapema uzunguke uone nakshi, kwa sababu wakizima taa huruhusiwi kupiga picha. Vaeni mnavyopenda. Mimi nilivaa dera na mtandio, na yule mama mhudumu alinishika mkono akasema rangi zangu zinaendana na ukumbi. Ngazi za juu ni nyingi, kwa hiyo ukija na mzee mkatie kiti cha chini.

Hilo la mwisho nimelifanya mwenyewe. Mama yangu anakuja kiangazi, viza yake imetoka, alhamdulillahi. Kabla ya kuwasha kamera hii nimempigia, kule kumeshakucha, nimemwambia nimemkatia kiti cha chini, katikati, kwenye maonesho ya filamu za zamani, na kwamba kabla ya picha kuna mtu anapanda kutoka shimoni na kinanda. Akanyamaza kidogo. Nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza kama mwanzoni wanapandisha pazia au wanalifungua kwa pembeni, kwa sababu la Majestic, anasema, lilikuwa likifunguliwa kwa pembeni, na wao watoto walikuwa wakipiga kelele mpaka liguse ukuta.