Bandubandu: Mike Webster na Wanaijeria Wawili

Maneno haya niliyasema hapa Pittsburgh, mbele ya wazazi wanaozungumza Kiswahili waliokuja kutafakari kama wawaruhusu watoto wao kucheza futiboli ya Kimarekani. Nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, hamjambo? Na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke upesi, nimewaona.

Kabla sijasema lolote, namwomba kijana mmoja anayecheza futiboli shuleni aje hapa mbele. Wewe mwenye fulana ya njano. Njoo, baba. Shika mpira huu, uweke chini, kisha uchuchumae kama mnavyofundishwa. Panua miguu. Mkono mmoja kwenye mpira. Kichwa juu. Basi, kaa hivyo hivyo.

Mwangalieni. Nyuma yake, mikono ikiwa chini ya makalio yake (msicheke, kina mama, ndivyo mchezo ulivyo), anasimama kotabeki, yule anayerusha mpira, yule mnayemwona kwenye matangazo ya magari. Mbele yake kuna mtu mwenye kilo mia moja na ushee. Na nafasi kati yao ni urefu wa mpira wenyewe tu, sentimita ishirini na nane hivi. Sasa kijana wetu ana kazi mbili za kufanya kwa wakati mmoja. Aupeleke mpira nyuma katikati ya miguu yake, na papo hapo, kabla mkono haujarudi, apokee kishindo cha yule wa mbele. Anapokea kwa nini, wakati mkono bado uko nyuma? Anapokea kwa kichwa. Ahsante, baba, nyoosha mgongo ukakae. Mpira baki nao.

Nafasi hiyo inaitwa senta. Mimi nilifika nchi hii nikiwa mtu mzima, na kwa muda mrefu niliamini futiboli yao ni raga iliyovaa kofia. Kazi yangu ni tiba ya viungo, nanyoosha magoti na mabega ya watu. Mzee mmoja niliyemhudumia alikuwa akija kila Alhamisi na jezi ya Steelers, timu ya hapa Pittsburgh, nambari 52, imechakaa, kola imeanza kulegea. Nikamuuliza kwa nini havai ya mrusha mpira kama wenzake. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anampenda mama yake. Akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa analipa." Nikaenda nyumbani kumtafuta huyo aliyekuwa analipa.

Mike Webster alizaliwa Machi 1952 huko Tomahawk, jimbo la Wisconsin, akakulia kwenye shamba la viazi. Akacheza Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1974, siku timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Webster aliitwa wa 125. Walimwona mdogo mno kwa nafasi ya senta. Mwaka huo huo, katika uchaguzi ule ule, Steelers walimchukua pia Lynn Swann, Jack Lambert na John Stallworth. Wote wanne wameingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli ulioko Canton, Ohio. Waulizeni wenyeji wa hapa, watawaambia hakuna timu iliyowahi kuvua samaki wanne wa aina hiyo kwa wavu mmoja.

Miaka ya kwanza alipokezana na senta mzee, Ray Mansfield. Baada ya hapo nafasi ikawa yake, akaishika kama mtu aliyerithi duka. Steelers walichukua Super Bowl, ubingwa wa ligi nzima, mara nne ndani ya misimu sita, 1974, 1975, 1978 na 1979, na kotabeki aliyepewa mpira na Webster ni Terry Bradshaw. Webster alikuwa akitoka kwenye kikao cha wachezaji mbio mbio kwenda kwenye mstari, wakati wengine wanajikokota. Kwenye baridi ya Desemba, na mnaijua baridi ya hapa, alicheza mikono wazi. Alicheza hapa misimu 15, mechi 220. Wakamwita Mike wa Chuma.

Sasa naomba tukae hapa kidogo, maana watu wengi hupita mbio.

Alipoanza mwaka 1974, sheria ilimruhusu mchezaji wa ulinzi kumchapa mpinzani kofi kwenye kofia, usawa wa sikio, ili amyumbishe apate kupita. Kofi hilo lilipigwa marufuku mwaka 1977. Na hadi mwaka 1978, wazuiaji kama Webster hawakuruhusiwa kunyoosha mikono mbele na kumsukuma mtu kwa viganja. Mikono ilitakiwa ikae karibu na kifua. Mtu akikujia na kilo mia na mikono yako imefungwa kifuani, utatanguliza nini? Kijana wetu ameshatuonyesha.

Tupige hesabu ya dukani. Timu yenye mpira huanza mchezo kama mara 60 katika mechi moja. Webster alianza zaidi ya mechi 200. Sitini mara mia mbili ni 12,000. Hapo hatujagusa mazoezi, na enzi zile walivaa kofia na kugongana wiki nzima. Katika hizo 12,000, ni mara ngapi alizimia akatolewa kwa machela? Hilo ndilo jambo lenyewe. Hakuwa mtu wa kuzimia. Alikuwa mtu wa kuinuka na kukimbilia mstari. Kila kishindo kilikuwa kidogo, hakistahili hata kupewa barafu. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo, na kwa bahati mbaya hawakutuambia gogo linajisikiaje.

Mkienda sokoni kununua nazi mnafanyaje? Mnaitikisa sikioni. Kifuu kigumu, hakina ufa, lakini mnasikia maji yakicheza ndani. Kofia ya futiboli inalinda kifuu. Fuvu la Webster halikupasuka hata siku moja. Maji ndiyo yalikuwa yakicheza.

Mwaka 1989 akahamia Kansas City Chiefs. Walimwajiri awe kocha msaidizi, lakini muda si muda akarudi uwanjani mwenyewe, ana miaka 37. Na hapa anaingia Mnaijeria wa kwanza.

Christian Okoye, Mwigbo, mzaliwa wa Enugu, alikuja California kusoma Chuo Kikuu cha Azusa Pacific akiwa mrusha kisahani. Alitarajia kuiwakilisha Nigeria kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akaachwa nje ya timu. Kwa uchungu ule akajaribu futiboli, mchezo ambao hakuwahi kuucheza utotoni, akiwa na miaka 23. Alikuwa na kilo karibu 118 na mbio za mtu wa kilo 80. Akapewa jina la Jinamizi la Nigeria. Msimu ule wa 1989 alibeba mpira mara 370 akakimbia yadi 1,480, akawa wa kwanza katika NFL nzima. Kwa mita ni kama kilomita moja na theluthi, na njia yote kuna watu wamekuning'inia mgongoni. Nani alikuwa senta mbele yake, akimfungulia mlango? Mzee wa miaka 37 kutoka shamba la viazi. Magazeti yalimwandika Okoye, na haki yake. Fundi wa msingi haonekani nyumba ikishaezekwa.

Webster aliacha kucheza baada ya msimu wa 1990. Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi, si kwa sababu ni madogo. Ndoa ilivunjika, fedha ziliyeyuka, alilala kwenye gari lake na kwenye vituo vya reli. Maumivu yalimnyima usingizi mpaka akawa anajipiga shoti kwa kifaa cha umeme cha askari ili apoteze fahamu alale. Meno yakitoka, aliyarudishia kwa gundi kali. Aliandika barua nyingi mno, ukurasa unaanza vizuri kisha maneno yanatawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Mwanawe wa kiume, kijana mdogo tu, ndiye aliyekaa naye na kumwangalia.

Julai 1997 akaingizwa Ukumbi wa Mashujaa. Aliyemtambulisha jukwaani ni Bradshaw. Bradshaw akaomba jambo moja: wafanye mara moja ya mwisho. Basi Webster akachuchumaa mbele ya umati, Bradshaw akaweka mikono pale pale, na mpira ukatoka. Mwili ulikuwa unakumbuka. Halafu akashika kipaza sauti kutoa hotuba, na hotuba ikapotea njia, ikaenda mbali, ikarudi, ikaenda tena. Watu walipiga makofi. Nami nadhani wengi waliona.

Mwaka 1999 bodi ya mfuko wa pensheni ya wachezaji ilikubali kwamba hawezi kazi tena, na kwamba sababu ni majeraha ya kichwa ya futiboli. Shikilieni jambo hilo. Karatasi hiyo ipo. Lakini tarehe ya kuanza kulipwa ilisogezwa mbele kwa namna iliyopunguza fedha, na kesi ikaendelea hata baada ya kifo chake, mpaka familia iliposhinda kwenye mahakama ya rufaa mwaka 2006.

Alikufa hapa hapa Pittsburgh tarehe 24 Septemba 2002, kwa moyo. Alikuwa na miaka 50.

Na Mnaijeria wa pili alikuwa kazini Jumamosi iliyofuata. Bennet Omalu, Mwigbo pia, aliyezaliwa mwaka 1968 katikati ya vita vya Biafra, alikuwa daktari wa kuchunguza maiti katika ofisi ya kaunti yetu ya Allegheny. Hakujua Webster ni nani. Mji mzima unalia, yeye anauliza, "Mike Webster ndiye nani?" Nimewahi kumsikia mwenyeji akilisimulia hilo kama aibu. Mimi nadhani ndiyo iliyokuwa baraka. Mtu asiyemjua shujaa humwona marehemu.

Alipofungua fuvu, ubongo ulionekana mzima. Haukusinyaa. Angeweza kuandika "moyo", akanawa mikono, akaenda kula. Badala yake aliuhifadhi kwenye dawa, akaagiza ukatwe vipande vyembamba, vipimo vingine akavilipia mfukoni mwake. Chini ya hadubini akaona madoa ya protini inayoitwa tau, imejisokota ndani ya chembe za ubongo mahali isipotakiwa kuwa. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa herufi tatu, CTE. Kwa mabondia ulishajulikana kwa miongo mingi. Kwa mchezaji wa futiboli, hakuna aliyekuwa ameuandika.

Makala yake ilitoka mwaka 2005. Madaktari watatu wa kamati ya NFL waliandika kutaka iondolewe. Miaka sita kabla ya hapo, mfuko wa pensheni wa ligi hiyo hiyo ulikuwa umeshakubali kwamba futiboli ndiyo iliyomharibu mtu huyu! Mkono wa kulia unalipa, wa kushoto unakanusha. Ilifika mwaka 2009 ndipo msemaji wa ligi akakiri kuna madhara ya muda mrefu, na mwaka 2016 kiongozi wake mmoja akakubali mbele ya wabunge kwamba futiboli na CTE vinahusiana. Wachezaji wastaafu walishtaki, na mapatano yaliyoidhinishwa mwaka 2015 yameshalipa zaidi ya dola bilioni 1. Ila sikieni hili, maana linatuhusu sisi wenye ngozi hii: vipimo vya kuamua nani alipwe vilichukulia kwamba mchezaji mweusi alianza maisha na akili pungufu kuliko mweupe, hivyo ilimbidi aharibike zaidi ndipo ahesabiwe kaharibika. Utaratibu huo ulikubaliwa kuachwa mwaka 2021. Si zamani hizo. Ni juzi.

Najua kuna anayetaka kuuliza habari za ule utafiti wa Boston wa mwaka 2017, bongo 111 za waliocheza NFL, 110 zikakutwa na CTE. Ni kweli. Lakini msiende nyumbani kutangaza kwamba wachezaji 110 kati ya 111 wanaugua. Bongo zile zilitolewa na familia, na nyingi zilikuwa tayari na wasiwasi. Na ugonjwa wenyewe bado unathibitishwa kwa uhakika baada ya kifo tu. Atakayewaambia amempima mwanao akamkuta nao, mwogopeni.

Basi nije kwenye lililowaleta. Mama mmoja alinipigia simu wiki iliyopita: mwanawe ameitwa kwenye timu ya shule, amruhusu? Sikumjibu ndiyo wala hapana, na leo pia simjibu. Mchezo huu umewapa watoto wetu marafiki, wengine umewalipia chuo. Mimi mwenyewe nina mtoto wa kaka yangu anayecheza. Wazazi wengi wakienda shuleni huuliza juu ya kofia: ni ya kampuni gani, ni mpya? Kofia ni kifuu. Nami siku ya kwanza niliuliza hivyo hivyo, kocha akanionyesha kofia zinang'aa kama sufuria za harusi, nikaridhika nikarudi nyumbani.

Baadaye nilipomsoma Webster nilirudi na swali lingine. Nikamkuta kocha anakusanya koni uwanjani jioni. Nikamuuliza: mbali na siku ya mechi, hawa watoto wanagongana siku ngapi kwa wiki? Si kukimbia, si kurusha. Kugongana. Nikaona hajawahi kuulizwa. Akaziweka koni chini, akaanza kuhesabu kwa vidole. Jumatatu. Jumanne. Akasita kidogo kwenye Jumatano, akakikunja kidole, kisha akakinyoosha tena.

Haya, maswali. Naanza na mama pale nyuma.