Miadi, mtoko, deti: neno la wapendanao limetoka wapi

Jamani asanteni, naona nyuma bado watu wanaingia, karibuni mkae, mi naanza tu. Leo naongelea neno moja, miadi. Siku hizi wengi tunakutana nalo kwenye kadi ya kliniki, tarehe ya miadi, basi tunalichukulia kama neno la ofisi, kumbe wapendanao nao wanapeana miadi, wanakubaliana saa na mahali halafu mmoja anafika mapema anakaa kumngoja mwenzie.

Neno ni la Kiarabu, na mzizi wake ni herufi tatu, wau, ain na dal, mzizi wa kuahidi. Sasa angalieni hiyo "mi" ya mbele, siyo ile ya mti na miti, ndo maana husikii mtu anasema mwadi mmoja miadi miwili, ile ni m ya Kiarabu inayolichukua tendo la kuahidi na kulipa wakati na pahala pake. Na ndo neno hilo hilo liko kwenye Kurani, sura ya 3 aya ya 9, kwamba Mungu havunji miadi. Mi nikifika hapo huwa nasisimka kweli, neno zito kiasi hicho ndo wamepewa watu wawili wanaopendana.

Deti tumelitoa kwa Waingereza, na asili yake ni Kilatini, data, yaani imetolewa, Warumi waliandika hivyo kwenye barua, imetolewa mahali fulani siku fulani, ikaja kuwa tarehe, tarehe ikawa miadi, na mwaka 1896 huko Chicago mwandishi wa gazeti George Ade akalitumia kwa mambo ya mapenzi. Wafaransa wao wanasema rendez-vous, ambayo ukiichambua ni amri, jipelekeni!

Mtoko ni tamu, ni la kwetu kabisa, ila linaangalia matembezi tu, yule anayengoja halimjui. Miadi linamjua. Sikilizeni vitenzi vyake, miadi unaiweka, unaitimiza, au unaivunja, na mtu akikwambia "kavunja miadi" unasikia kabisa kuna kitu kimevunjika, wakati deti mtu anakanseli kwa meseji ya maneno mawili na imeisha hiyo.

Haya, maswali, naona dada pale mbele kanyoosha mkono muda mrefu, karibu.