Vibogoyo wa mto Rhine na baridi ya Armenia

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Juma leo kaja na baridi.

JUMA: Baridi ya Armenia, dada Rehema. Zama za Nero, kaisari wa Rumi, mwishoni mwa miaka ya 50 baada ya Kristo. Jemadari Corbulo kapewa legioni, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Rumi, kutoka Syria, kukagua, balaa! Mwanahistoria Mrumi Tacitus anasema walikuwamo askari wazee wasiowahi kukaa lindo hata siku moja. Boma na handaki wanayashangaa. Kofia za chuma hawana, deraya hawana, ila biashara mjini wanaijua vizuri.

REHEMA: Jeshi la Rumi hilohilo tunalosifiwa?

JUMA: Hilohilo! Basi wazee na wagonjwa akawaachisha, akaandikisha watu wa Galatia na Kapadokia, halafu wote wakakaa kwenye mahema majira yote ya baridi. Ardhi imeganda hadi hema huwezi kulisimamisha bila kuchimba barafu kwanza. Walinzi wengine walifia lindoni. Na kuna askari alionekana amebeba mzigo wa kuni, mikono ikagandia kwenye kuni, ikakatika.

REHEMA: Astaghfirullah. Na jemadari mwenyewe yuko wapi, kwenye manyoya?

JUMA: Hapana, hapo ndipo ninapompendea. Nguo nyepesi, kichwa wazi, anapita kwa askari, anawafariji wanyonge.

REHEMA: Malizia basi. Watoro aliwafanyaje?

JUMA: Aliwaua. Kwa majemadari wengine kosa la kwanza na la pili lilisamehewa. Kwake, ukitoroka tu, kifo.

REHEMA: Sasa huo ni uvumilivu au ni woga? Mtu akijua nyuma kuna upanga, atavumilia theluji, afanyeje! Mimi waliovumilia nawaona kwingine. Mwaka 14 baada ya Kristo, Augustus, kaisari wa kwanza, amefariki, askari wa mto Rhine, mpakani na Wajerumani, wakaasi. Jemadari wao Germanicus akaja kuwatuliza. Wakamshika mkono kama wanaubusu, kumbe wanaingiza vidole vyake vinywani mwao, apapase ufizi. Vibogoyo watupu! Sheria ya Augustus ilisema miaka 20 jeshini, na wengine walikuwa wametumikia 30 na zaidi.

JUMA: Na kule Pannonia, jimbo la Rumi kando ya mto Danube, askari walioasi walimuua akida Lucilius. Alikuwa akivunja fimbo mgongoni kwa askari, anaitisha nyingine, na nyingine tena, wakambandika jina la Lete Nyingine.

REHEMA: Na Augustus huyo aliyewaongezea miaka, mwandishi Suetonius anasema majira ya baridi alivaa kanzu nne, juu yake toga nzito, lile vazi la Kirumi la kujitanda, ndani fulana na sufu ya kifuani, mapaja na miundi kavingirisha vitambaa.

JUMA: Muonee huruma, alikuwa mtu wa kuugua-ugua.

REHEMA: Hata wale vibogoyo walikuwa wagonjwa, Juma. Hawakuwa na kanzu nne.

JUMA: Haya, nimekubali. Lakini si walipewa walichodai?

REHEMA: Germanicus alitunga barua kwa jina la Tiberius, kaisari mpya: aliyetimiza 20 aende zake, wa 16 apunguziwe kazi, na pesa alizowausia Augustus zilipwe mara mbili. Legioni mbili zikagoma kuondoka mpaka zione hela. Akalipa kwa fedha za safari yake na za marafiki zake.

JUMA: Tiberius akaiheshimu barua?

REHEMA: Mwaka uliofuata nafuu ya miaka 16 ikafutwa.