Kiti Kilichoachwa Nairobi: Makisio Kuhusu Utetezi wa Uhuru na Ruto

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa sheria,

Mkakati wa mshtakiwa ni siri yake na wakili wake. Ninayoyasema leo kuhusu Uhuru Kenyatta na William Ruto, walioshtakiwa The Hague kwa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007, basi, ni makisio, ila nayajenga juu ya hatua zilizochukuliwa mbele ya macho ya watu.

Tarehe 6 Oktoba 2014 Uhuru Kenyatta, wakati huo Rais wa Kenya, alisimama Bungeni jijini Nairobi, akatangaza kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 147(3) cha Katiba naibu wake, William Ruto, angekaimu urais wakati yeye akiitikia wito wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Siku mbili baadaye aliketi kortini The Hague akiwa raia wa kawaida, akanyamaza, na wakili Steven Kay ndiye aliyemsemea. Wapo walioliona jambo hilo kuwa igizo. Mimi naliona kuwa hesabu. Angekataa wito, angejiweka katika hatari ya kutolewa hati ya kukamatwa. Angekwenda na urais wake, angeudharau msimamo ambao Umoja wa Afrika ulikuwa umeupitisha mwaka mmoja nyuma, kwamba kiongozi wa nchi aliye madarakani asishtakiwe mbele ya mahakama ya kimataifa. Kwa hiyo alipeleka mwili, kiti akakiacha nyumbani. (Aliyekikalia, tusisahau, naye alikuwa mshtakiwa wa mahakama hiyo hiyo.) Desemba 5 mwaka huo Fatou Bensouda, mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama hiyo, aliondoa mashtaka ya Uhuru kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na kesi haikuwahi kuanza kusikilizwa.

Ruto alipita njia nyingine. Kesi yake ilianza Septemba 2013, na wakili wake Karim Khan aliwabana mashahidi kwa maswali siku baada ya siku. Nadhani Khan alitambua mapema kwamba pambano lenyewe lingekuwa juu ya karatasi: je, maelezo ya maandishi ya mashahidi waliogeuka na kuyakana yapokewe kama ushahidi? Majaji wa rufaa walikataa Februari 2016, na baada ya hapo hoja ya utetezi ya kwamba hakuna kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa mashtaka hautoshi hata kumtaka mshtakiwa ajitetee, ikapata nguvu. Aprili 5 majaji wawili kati ya watatu waliifuta kesi. Utetezi ulikuwa umeomba Ruto atamkwe kuwa hana hatia. Alichopewa ni kuachiliwa, huku mlango wa kumshtaki upya ukiachwa wazi.